Samani za Kale za Ufaransa: Ufundi Wake na Safari ya Maneno Yake

Utangulizi

Katika zoezi moja la tafsiri, mwanafunzi alipewa ukurasa wa Kifaransa unaoeleza chumba cha tajiri wa Paris wa karne ya 18. Ukurasa huo ulikuwa na maneno manne: "fauteuil", "bergère", "chaise" na "tabouret". Mwanafunzi aliyatafsiri yote kwa neno moja tu: kiti. Alipoulizwa sababu, alijibu kwa unyofu: "Mwalimu, vyote si vya kukalia?" Darasa lilicheka, naye mwalimu akacheka pia. Lakini baada ya kipindi, mwalimu huyo, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya, alitambua kwamba yeye mwenyewe asingeweza kueleza barabara tofauti ya vitu hivyo vinne, ingawa maneno yake aliyajua tangu shule ya msingi.

Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunayo maneno mengi ya namna hiyo. Tunayasoma, tunayatamka, hata tunayatia katika Kiswahili chetu cha kila siku, bila kujua kitu kinachotajwa wala historia yake. Makala haya yana nia ya kueleza samani za kale za Ufaransa, hasa zile za karne ya 17 na ya 18. Tutaeleza zilitengenezwa na nani, kwa vifaa gani, zilitumikaje, na jinsi ya kuzitambua. Pamoja na hayo tutafuata safari ya maneno machache, kwa sababu historia ya samani hizo imehifadhiwa katika maneno kama ilivyohifadhiwa katika mbao. Msomaji ataona kwamba baadhi ya maneno hayo yanatuhusu sisi Waafrika kwa namna ambayo hatukuitazamia.

1. Neno "meuble" na maana zake mbili

Tuanze na neno lenyewe. "Meuble" limetokana na Kilatini "mobilis", yaani kitu kinachoweza kuhamishwa. Kinyume chake ni "immeuble", kitu kisichohamishika, kama vile nyumba au shamba. Asili ya jambo hili ni ya kweli kabisa: katika zama za kati wafalme na watawala wakubwa wa Ufaransa hawakukaa mahali pamoja. Walihama toka ngome moja hadi nyingine, na vitu vyao vilihama nao: masanduku, mazulia ya ukutani, vitanda vya kufunguliwa na viti vya kukunjwa. Hata neno "fauteuil", ambalo leo lataja kiti kizito chenye mikono, limetoka katika lugha ya Wafranki, na maana yake ya kwanza ilikuwa kiti cha kukunja.

Kwa hiyo "meuble" lina maana mbili. Ya kwanza ni ya nyumbani: samani. Ya pili ni ya sheria: mali inayohamishika, ambayo mtu aweza kuiuza, kuigawa katika urithi au kuitoa rehani. Tofauti hii si jambo dogo. Mnamo mwezi Machi 1685, chini ya Mfalme Louis XIV, ilitolewa amri iliyojulikana kwa jina la "Code noir", iliyohusu watumwa katika visiwa vya Kifaransa vya Amerika. Kifungu cha 44 cha amri hiyo kinawatangaza watumwa kuwa "meubles". Mtu aliyetolewa Afrika, akapelekwa Martinique au Guadeloupe, alihesabiwa kisheria pamoja na mali inayohamishika ya bwana wake, na warithi waligawana naye kama wanavyogawana vitu vingine.

Mfasiri akiandika hapo "samani", atakuwa amekosea, maana kifungu hicho hakisemi kwamba mtu ni kabati. Akiandika "mali inayohamishika", atakuwa amepata maana ya kisheria. Lakini na ajue kwamba masikio ya Mfaransa wa wakati ule yalisikia neno lile lile katika mambo yote mawili. Tutalirudia jambo hili tutakapozungumza juu ya mpingo.

2. Mafundi na chama chao

Mjini Paris useremala haukuwa kazi huria. Kila ufundi ulikuwa na chama chake chenye sheria, viongozi na mipaka. Maseremala wa samani walikuwa katika chama kimoja, lakini ndani yake waligawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni "menuisiers". Jina lao limetoka katika neno "menu", lenye maana ya kitu kidogo: wao walifanya kazi ndogo za mbao, tofauti na mafundi wa mapaa waliofanya kazi kubwa. "Menuisier" alitumia ubao mzima, akauchonga na kuuunganisha. Viti karibu vyote vilitoka katika mikono yake.

Kundi la pili ni "ébénistes". Hawa hawakuonyesha ubao mzima. Walitengeneza kwanza kiunzi cha mbao za kawaida, mara nyingi mwaloni, kisha wakakivisha mbao nyembamba sana za miti ya thamani, wakizigandisha kwa gundi. Jina lao limetokana na "ébène", mti mweusi ulioletwa kutoka nchi za mbali, ambao mafundi wa Paris walianza kuutumia sana kwa kuvisha makabati katika nusu ya kwanza ya karne ya 17. Baadaye mti huo uliacha kupendwa, zikaja mbao za rangi nyingine, lakini jina la fundi likabaki. Hivyo basi "ébéniste" wa mwaka 1760 aweza kuwa alifanya kazi maisha yake yote bila kushika ubao mmoja mweusi.

Mwanafunzi wa ufundi alijifunza kwa miaka 6. Baada ya hapo alikuwa mfanyakazi wa mshahara kwa miaka kadhaa, kisha, akiwa na uwezo wa kulipa ada, alifanya kazi ya kujipima na kupokewa kuwa bwana fundi. Mwana wa bwana fundi alipunguziwa masharti. Mafundi wengi wageni, hasa kutoka nchi za Wajerumani, walikaa katika mtaa wa Saint-Antoine, ambapo kwa desturi ya zamani wafanyakazi walikuwa huru na mamlaka ya vyama. Si ajabu basi kwamba majina makubwa ya ufundi huu wa Kifaransa ni ya Kijerumani: Jean-François Oeben alizaliwa Heinsberg mwaka 1721, na Jean-Henri Riesener alizaliwa Gladbeck mwaka 1734.

Sheria mpya za chama, zilizoandikwa mwaka 1743 na kuanza kushikwa kwa nguvu kuanzia mwaka 1751, zilimlazimisha kila bwana fundi kupiga mhuri wa jina lake juu ya kazi yake. Mhuri huo ulikuwa wa chuma, ukagongwa kwa nyundo mahali pasipoonekana: chini ya kiti, nyuma ya kabati, chini ya jiwe la marumaru. Viongozi wa chama walipita katika karakana kukagua, nao wakiridhika waligonga mhuri wao wa herufi tatu, JME. Vyama vyote vya ufundi vilivunjwa kwa sheria ya mwezi Machi 1791, na desturi hii ikakoma kuwa lazima.

Tuangalie vema, mhuri si ushahidi kamili. Mafundi waliofanya kazi kwa mfalme na kukaa katika majengo yake hawakulazimika kupiga mhuri. Fundi aliyetengeneza upya kazi ya mwingine aliweza kupiga mhuri wake juu yake. Tena, Oeben alipofariki mwaka 1763, mjane wake aliendelea na karakana pamoja na mhuri wa marehemu. Riesener, aliyekuwa mfanyakazi humo, akamwoa mjane huyo mwaka 1767 na kuwa bwana fundi mwaka 1768. Kwa hiyo vitu vyenye jina la Oeben vyaweza kuwa kazi ya Riesener. Kuna pia mhuri wa herufi nne, BVRB, ambao watu walishindwa kujua mwenyewe ni nani mpaka katikati ya karne ya 20, ilipothibitishwa kuwa ni Bernard van Risenburgh.

3. Mbao, ng'amba na shaba

Kiswahili cha pwani kinalo neno la kale kwa kazi ya kupachika kitu cha thamani ndani ya mbao: njumu. Viti vya enzi vya Lamu, vilivyotengenezwa kwa mbao nyeusi na kutiwa njumu ya pembe za ndovu, ni mfano mzuri. Tutatumia neno hilo kwa kile Wafaransa wanachoita "marqueterie".

Bingwa wa njumu alikuwa André-Charles Boulle, aliyezaliwa Paris mwaka 1642 na kufariki mwaka 1732. Mwaka 1672 alipewa na mfalme makao ndani ya jumba la Louvre, na kwa hiyo akawa nje ya mipaka ya vyama: aliruhusiwa kufanya kazi ya mbao na ya madini pamoja, jambo ambalo fundi mwingine hakuruhusiwa. Njia iliyopewa jina lake ni hii. Fundi alichukua bamba la ng'amba, yaani gamba la kasa, na bamba la shaba ya manjano, akayabandika pamoja. Juu yake aligandisha karatasi yenye mchoro, kisha akakata yote mawili kwa mara moja kwa msumeno mwembamba. Alipoyatenganisha alikuwa na maua ya shaba na maua ya ng'amba yaliyo sawasawa. Maua ya shaba yaliingia katika tundu za ng'amba, na maua ya ng'amba yaliingia katika tundu za shaba. Kwa hiyo kila mkato ulizaa kazi mbili, moja ikiwa kinyume cha nyingine, na hakuna kilichotupwa. Ndiyo sababu makabati ya Boulle mara nyingi yalitengenezwa mawili mawili.

Hapa msomaji wa Katanga, jimbo ambalo toka mwaka 1971 hadi 1997 liliitwa Shaba, atapata somo dogo la istilahi. Kifaransa kina maneno matatu: "cuivre", "laiton" na "bronze". Kiswahili cha kawaida husema shaba kwa yote. Kwa makala kama haya lazima tutofautishe: shaba yenyewe, shaba ya manjano, iliyochanganywa na zinki, ambayo Boulle aliikata, na shaba iliyochanganywa na bati, ambayo ilimiminwa katika kalibu ili kufanya vishikio, pembe na miguu ya kabati. Mapambo hayo hayakuwa urembo tu. Yalikinga pembe za mbao nyembamba zisibanduke mtu anapopita na kuzigusa.

Mapambo ya shaba yalitiwa dhahabu kwa moto. Fundi aliyeyusha dhahabu ndani ya zebaki, akapaka mchanganyiko huo, kisha akauweka juu ya makaa. Zebaki iligeuka mvuke, dhahabu ikabaki. Lakini mvuke huo ni sumu. Uliingia katika mapafu ya mafundi, wakaanza kutetemeka mikono, wakapoteza meno, na wengi hawakuishi sana. Tunapotazama dhahabu hiyo inayong'aa leo bila kuchakaa, tukumbuke gharama yake.

Rangi nazo zimebadilika. Njumu za mbao za karne ya 18, ambazo leo ni za kahawia zote, zilikuwa na rangi kali: kijani, njano, nyekundu, hata buluu, kwa kuwa mbao zilitiwa rangi. Jua la miaka zaidi ya 200 limezifuta. Mfanyakazi wa makumbusho akibandua kipande kwa ajili ya matengenezo, huona upande wa ndani rangi zile za kwanza.

4. Mpingo na "bois d'ébène"

Kamusi nyingi husema kwamba "ébène" ni mpingo. Kwa matumizi ya kawaida tafsiri hiyo yatosha, maana yote mawili ni mbao nyeusi na nzito. Lakini kwa elimu ya mimea ni miti miwili mbalimbali. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji ni wa jamii moja na maharagwe, na jina lake la kitaalamu ni Dalbergia melanoxylon. "Ébène" ya kweli ni ya jamii ya Diospyros, na sehemu ya ile iliyotumiwa Ufaransa ilitoka Madagaska na kisiwa cha Morisi.

Neno hili lina upande wa pili ulio mchungu. Katika karne za biashara ya utumwa, wafanyabiashara Wafaransa waliwaita watu waliowanunua katika pwani za Afrika "bois d'ébène", yaani mbao za mpingo. Lilikuwa neno la kuficha: mtu aweza kuandika kwamba merikebu yake imebeba mbao, na kila aliyehusika akaelewa. Nantes ilikuwa bandari ya kwanza ya Ufaransa kwa biashara hiyo. Bandari hiyo hiyo, pamoja na Bordeaux na La Rochelle, ilipokea mbao za mkangazi wa Amerika kutoka visiwani, na mafundi wa hapo wakatengeneza kwazo makabati mazito ya mbao nzima ambayo hadi leo huitwa "samani za bandari". Miti hiyo ilikatwa na watumwa, katika kisiwa cha Saint-Domingue hasa, ambacho sehemu yake ya Kifaransa ilijitwalia uhuru mwaka 1804 kwa jina la Haiti.

Tukiweka mambo haya pamoja tunaona mzunguko kamili. Mti unapewa jina, fundi anaitwa kwa jina la mti, mtu anaitwa kwa jina la mti huo huo, na sheria inamwita mtu huyo "meuble". Hatusemi haya ili kuchukia samani wala waliozitengeneza; seremala wa mtaa wa Saint-Antoine, mwenye deni la mbao na mkate, hakuandika sheria hiyo. Twasema haya kwa sababu mwanafunzi wa lugha lazima ajue kwamba neno laweza kufanya kazi ambayo sauti yake haionyeshi.

5. Mitindo na alama zake

Mitindo ya samani hupewa majina ya wafalme, ingawa mtindo haukuzaliwa wala kufa siku moja na mfalme. Hizi ndizo alama za kutambua.

Mtindo wa Louis XIV (aliyefariki 1715) ni mzito na wa kulingana pande zote. Mgongo wa kiti ni mrefu, na miguu imeungwa kwa vijiti vinavyopitana chini. Samani za utukufu mkubwa kuliko zote za mfalme huyo zilikuwa za fedha tupu, lakini hazikudumu: mwaka 1689 aliamuru ziyeyushwe ili kulipia vita.

Mtindo wa Louis XV (aliyefariki 1774) ni wa kupinda. Mguu wa kiti umepinda mithili ya herufi S, vijiti vya chini vimeondolewa, na mapambo ni makombe, majani na maua yasiyolingana kushoto na kulia. Mikono ya kiti haianzi tena juu ya mguu wa mbele, bali imerudishwa nyuma. Sababu ni mavazi: wanawake walivaa sketi pana zenye kiunzi ndani, nazo zilihitaji nafasi. Wakati huo ndipo viti vikawa vya raha kwelikweli. "Bergère", kwa mfano, ni kiti cha mikono ambacho ubavu wake umezibwa kwa kitambaa na kukaliwa juu ya mto mnene.

Mtindo wa Louis XVI ulirudisha mstari ulionyooka. Machimbo ya Herculaneum, yaliyoanza mwaka 1738, na ya Pompeii, yaliyoanza mwaka 1748, yaliwafanya watu wa Ulaya wapende mambo ya Warumi wa kale. Mguu sasa umenyooka, ukapungua unene kuelekea chini, na kuchongwa mifereji kama nguzo ya hekalu. Pale mguu unapokutana na kiunzi, tazama: utaona mchemraba mdogo wenye ua ndani yake. Georges Jacob (1739 hadi 1814) alikuwa bingwa wa viti vya aina hiyo.

Baada ya Mapinduzi, Napoleon, aliyekuwa mfalme mkuu toka 1804, alipenda mkangazi mwekundu, shaba iliyotiwa dhahabu, nyuki na batamaji. Vilikuwamo pia viumbe vya Misri vyenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, kumbukumbu ya vita vyake vya mwaka 1798 katika nchi hiyo.

6. Kiti na cheo

Turudi kwa mwanafunzi wetu na viti vyake vinne. Katika jumba la Versailles kukaa kulikuwa jambo la utawala. Mfalme na malkia walikaa katika kiti cha mikono. Wengi walisimama kwa saa nyingi. Kati ya hao wawili palikuwa na "tabouret", kiti kidogo kisicho na mgongo wala mikono. Mke wa "duc" alikuwa na haki ya kukikalia mbele ya malkia, na familia ziligombania haki hiyo miaka na miaka. Duc de Saint-Simon amejaza kurasa nyingi za kumbukumbu zake kwa magomvi ya namna hiyo.

Msomaji wa kwetu haoni hilo kuwa jambo geni. Vigoda vya kifalme vya Waluba, vinavyobebwa na sanamu ya mwanamke, havikuwa vya mtu kupumzikia miguu. Vilibeba mamlaka yenyewe. Kiswahili nacho chasema kigoda cha mtemi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha nafasi ya heshima ya kitaaluma mwaka 2008 kiliipa jina la Kigoda cha Mwalimu Nyerere. Kifaransa kimefanya vivyo hivyo: neno la kale "chaire" lilitamkwa na watu wa Paris "chaise" katika karne ya 16, r ikigeuka z. Matamshi mapya yakachukua kiti cha kawaida, na "chaire" likabaki kwa mhubiri na profesa. Kwa hiyo "tabouret" ni kigoda, na tafsiri hiyo ina nguvu kuliko tulivyodhani. Aliyesema "kiti" kwa vyote vinne alifuta mbele ya msomaji daraja zote za watu waliokuwamo chumbani.

7. Kutoka meza hadi "biro"

Mjini Lubumbashi mtu husema: "Baba iko ku biro." Neno hilo limetoka katika "bureau", nalo "bureau" limetoka katika "bure", kitambaa kizito cha sufi kilichotandikwa mezani ili kuandikia au kuhesabia. Kwanza neno lilikuwa kitambaa, likawa meza yenye kitambaa, likawa chumba chenye meza, likawa watu waliomo na mamlaka yao. Akienda Mombasa na kuuliza "biro", Mkongomani huenda akapewa kalamu, lakini hiyo ni safari ya neno jingine.

Meza maarufu kuliko zote za Ufaransa ni ile ya Louis XV, iliyoanzwa na Oeben mwaka 1760 na kumalizwa na Riesener mwaka 1769. Kazi ya miaka 9! Kifuniko chake ni cha kuviringika, na mzunguko mmoja tu wa ufunguo hufunga kifuniko pamoja na watoto wa meza wote. Juu yake pana saa yenye nyuso mbili, ili isomwe mbele na nyuma. Seremala, mfua shaba, mtia dhahabu na fundi wa saa, wote walishiriki, lakini waliotajwa ni wawili. Meza hiyo ipo Versailles hata leo.

Mapinduzi yalipokuja, samani za jumba hilo zilipigwa mnada kuanzia tarehe 25 Agosti 1793 hadi tarehe 11 Agosti 1794, mafungu 17,182. Riesener, ambaye sasa hakuwa na mfalme wa kumlipa, alinunua tena baadhi ya kazi zake mwenyewe akitumaini kuziuza kwa faida. Hakufanikiwa. Aliajiriwa pia kuondoa alama za kifalme katika samani ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezipamba kwa alama hizo. Alifariki mwaka 1806 bila mali. Binti wa Oeben, Victoire, ndiye mama wa mchoraji Eugène Delacroix. Vitu vingi vilivyouzwa vilikwenda nje, na ndiyo maana leo Wallace Collection ya London, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 1900, ni moja ya mahali bora pa kuona samani za Ufaransa.

8. Ya kweli na ya bandia

Pale penye thamani kubwa hapakosi udanganyifu. Mwaka 2016 ilijulikana hadharani kwamba jumba la Versailles lenyewe lilikuwa limenunua viti vilivyosemekana kuwa vya karne ya 18, kumbe vilitengenezwa siku hizi. Mtaalamu mmoja wa viti vya kale na fundi mmoja mchonga mbao walikiri, na mwaka 2025 mahakama ya Pontoise iliwahukumu. Ni vema kufikiri juu ya hilo: aliyewadanganya wajuzi alikuwa mjuzi kama wao.

Mchunguzi huangalia nini basi? Kwanza, huacha uso wa kitu na kutazama mgongo na tumbo lake. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyo sawa, lakini msumeno wa duara huacha alama za upinde. Pili, hupima unene wa mbao za kuvisha: zilizokatwa kwa mkono huzidi milimita moja, za mashine ni nyembamba mno. Tatu, hukumbuka kwamba ubao husinyaa upande mmoja kuliko mwingine, na kwa hiyo meza ya duara ya miaka 250 si duara kamili tena. Nne, hutafuta uchakavu pale mkono na mguu wa mtu hupita, si pale mdanganyifu alipoona panafaa. Mhuri huja mwisho, maana mhuri ni rahisi kuiga kuliko uzee.

Hitimisho

Tumeona kwamba samani hizi ni kazi ya mikono mingi, na kwamba majina yake yamebeba historia ya vyeo, ya biashara na ya utumwa. Kwa wafasiri wetu twapendekeza haya: "menuisier en sièges" awe seremala wa viti, "ébéniste", seremala wa njumu, "placage", uvishaji wa mbao, "marqueterie", njumu, "estampille", mhuri wa fundi, "fauteuil", kiti cha mikono, "tabouret", kigoda. "Bergère" na "commode" ziachwe kama zilivyo na kuelezwa, mpaka mmoja wetu apate neno bora. Hiyo ya pili ni kabati fupi lenye watoto wa kuvuta, na jina lake lilikuwa kwanza sifa tu, lenye maana ya kitu kinachofaa. Wasomaji wenye maneno mengine, hasa waliyoyasikia kwa maseremala wenyewe, wanaombwa kuyaleta.

Ama "meuble", lisitafsiriwe kamwe kabla ya kuuliza: ni la nyumbani, au ni la sheria? Mwanafunzi aliyeuliza kama vyote si vya kukalia aliuliza swali zuri. Jibu lake ni kwamba ndiyo, vyote ni vya kukalia, lakini si kila mtu aliruhusiwa kukaa, na wako watu waliohesabiwa pamoja na viti.